Kanda ya LTO-8 kama Hifadhi ya Muda Mrefu ya Mafaili Makubwa: Tathmini Kutoka Studio ya Pwani

Anayetunza video, sauti za ubora wa studio, picha za setilaiti au data za maabara hukutana mapema na swali gumu: mafaili haya yawekwe wapi ili yaweze kusomeka baada ya miaka 15 au 20? Saa moja ya video ya 4K iliyohifadhiwa kwa ProRes 422 HQ, muundo wa video wa ubora wa juu unaotumika katika uhariri, kwa picha 25 kila sekunde, huchukua zaidi ya GB 330, kwa hiyo mradi mmoja wa mahojiano unaweza kuijaza diski ya TB 4 kabla hata uhariri haujaanza. Katika studio ninayofanyia kazi jijini Dar es Salaam, ambako tunarekodi mahojiano ya wazee na ngoma za pwani, tulichagua kanda ya sumaku ya LTO-8, na nimeitumia kwa muda wa kutosha kuweza kusema inamfaa nani na haimfai nani. Katika tathmini hii nitashikilia jambo moja ambalo matangazo ya bidhaa za aina hii hulipita haraka, nalo ni kwamba umri unaopaswa kuhesabiwa na mnunuzi ni ule wa mashine inayosoma, kwa sababu ndiyo inayotangulia kupotea.

LTO (Linear Tape-Open) ni kiwango cha pamoja cha kanda za kuhifadhia data, kilichoasisiwa na IBM, HP na Seagate mwishoni mwa miaka ya 1990. Kizazi chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 2000, kilibeba GB 100 kwa kaseti. Kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017, hubeba TB 12 katika kaseti inayoenea kiganjani, ambayo ndani yake mna utepe wa mita 960 wenye upana wa nusu inchi. Kwa kuwa kiwango ni cha pamoja, kaseti ya mtengenezaji mmoja husomwa na mashine ya mwingine, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayefikiria miaka mingi mbele. Hata hivyo, watengenezaji wa utepe wenyewe wamebaki wawili tu, Fujifilm na Sony, na mgogoro wao wa hataza uliwahi kuzifanya kaseti za LTO-8 ziadimike sokoni hadi walipopatana mwaka 2019. Mnunuzi anapaswa kulijua hilo kabla ya kulipa.

Wapo wanaodhani kanda ni teknolojia iliyokwisha zamani. Mwezi Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, na nakala zilizokuwa kwenye vituo kadhaa vya data nazo ziliguswa na hitilafu ileile. Google ilizirejesha barua hizo kutoka kwenye kanda. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, nacho hutunza data za majaribio yake kwenye kanda. Faida kubwa ya kanda ni hii: kaseti iliyo kabatini haijaunganishwa na kitu chochote. Programu yenye kasoro haiifikii, virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia haviioni, na mfanyakazi aliyechoka hawezi kuifuta kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kuu ya bidhaa hii, nami naithamini kuliko ujazo na kuliko kasi.

Kuhusu kasi, mashine ndogo ya LTO-8 huandika hadi MB 300 kwa sekunde, kiasi kwamba kaseti nzima hujaa kwa muda wa saa 11 hivi, na mashine kubwa hufika MB 360. Namba hizi ni za kweli, lakini zina sharti ambalo muuzaji hatakutajia. Utepe unataka kulishwa mfululizo. Diski ya kawaida ya nje, yenye sahani zinazozunguka, mara nyingi hutoa MB 150 hadi 200 kwa sekunde kwa mafaili makubwa, na hushuka sana ikikutana na maelfu ya mafaili madogo. Mashine hujaribu kupunguza mwendo ili ilingane na chanzo, lakini mwendo ukishuka chini ya takriban MB 100 kwa sekunde hulazimika kusimama, kurudi nyuma kidogo, kisha kuanza tena, na kurudia hivyo maelfu ya mara katika kazi moja. Utepe huchakaa, vichwa vya kuandikia huchakaa, na kazi ya usiku mmoja hugeuka kuwa ya siku mbili. Nashauri mafaili yakusanywe kwanza kwenye SSD (diski ya chipu isiyo na sahani zinazozunguka) au kwenye mkusanyiko wa diski kadhaa zinazofanya kazi pamoja, na yale madogo yafungashwe katika faili moja kubwa la tar, ndipo yapelekwe kwenye kanda.

Urahisi wa matumizi ndio ulionishangaza kwa wema. Tangu LTO-5 ya mwaka 2010, kanda zinaweza kupangwa kwa LTFS, mfumo unaoifanya kaseti ionekane kwenye kompyuta kama diski yenye folda na mafaili. Hakuna programu ya kulipia inayohitajika, msimbo wake uko wazi, na kiwango chenyewe kimepitishwa na ISO. Maana yake ni kwamba kaseti niliyoiandika leo inaweza kusomwa na mtu nisiyemjua, kwenye mashine nisiyoimiliki, bila kuuliza nilitumia programu ya kampuni gani. Kwa hifadhi ya muda mrefu hilo lina uzito mkubwa, na ningemwonya mtu yeyote asikubali programu inayoandika kanda kwa mpangilio wake wa siri hata kama ni rahisi zaidi kutumia. Kasoro za LTFS zinavumilika: kufuta faili hakurudishi nafasi hadi kaseti ipangwe upya, na kulifikia faili lililo katikati ya utepe huchukua dakika moja hivi. Kinachotaka tahadhari ni umeme. Orodha ya mafaili huandikwa kikamilifu wakati wa kuiondoa kaseti, na umeme ukikatika kabla ya hapo kaseti inaweza kukataa kufunguka hadi irekebishwe kwa programu ya ltfsck. Katika jiji ambalo umeme hukatika bila taarifa, UPS, yaani betri ya akiba, inayoendesha mashine na kompyuta kwa pamoja ni sehemu ya bei ya ununuzi.

Kwenye boksi la kaseti utakuta imeandikwa TB 30. Usiipangie bajeti namba hiyo. Inatokana na dhana kwamba mashine itaibana data kwa mara mbili na nusu, jambo linalowezekana kwa maandishi na majedwali, lakini video, picha za JPEG na sauti za MP3 zimekwisha kubanwa na hazibaniki tena. Kwetu kaseti moja ni TB 12, na hesabu zote za hapa chini zinafuata namba hiyo.

Sasa bei, mahali ambapo wengi hukata tamaa, na wengine hukata tamaa kwa haki kabisa. Mashine mpya mara nyingi hupita dola 3,000, na juu yake kuna kadi ya SAS ya kuiunganisha na kompyuta, usafirishaji, na kodi za bandarini. Kaseti yenyewe kwa kawaida ni chini ya dola 100. Tuchukue mfano: mashine na vifaa vyake dola 4,000, kaseti dola 70, na diski ngumu ya TB 12 dola 220. Kila TB 12 za data zikiwekwa katika nakala mbili, diski zitagharimu dola 440 na kaseti dola 140, tofauti ya dola 300. Kwa tofauti hiyo, mashine hurudisha gharama yake baada ya TB 160 hivi. Lakini diski haiachwi kabatini miaka 10 kwa matumaini, inabidi ibadilishwe angalau mara moja, na ukiiingiza gharama hiyo, mizani hulingana kwenye TB 65 hivi. Ndiyo maana namwambia waziwazi mpiga picha mwenye TB 10 au 20 kwamba LTO haimfai kwa sasa. Anunue diski mbili za watengenezaji tofauti, aziweke nyumba mbili tofauti, na aweke nakala ya tatu kwenye wingu, yaani hifadhi ya kukodi kwenye intaneti. Mtu huyo akishawishiwa kununua mashine ya kanda, fedha zitakazobaki hazitatosha kununua kaseti za nakala ya pili, na kaseti moja isiyo na mwenzake haistahili kuitwa hifadhi.

Hali ya hewa inataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu miongozo ya watengenezaji haikuandikwa ikimfikiria mkazi wa Tanga, Mombasa au Unguja. Kwa utunzaji wa muda mrefu, LTO hutaka joto la nyuzi 16 hadi 25 na unyevunyevu wa asilimia 20 hadi 50. Unyevunyevu wa pwani mara nyingi hupita asilimia 70, na miezi ya masika hali huwa mbaya zaidi. Ule umri wa miaka 30 unaotangazwa ni wa kaseti iliyotunzwa ndani ya masharti hayo. Kaseti iliyowekwa kwenye rafu ya chumba kisicho na kiyoyozi haimo katika ahadi hiyo. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku nacho si suluhisho, kwa kuwa mabadiliko ya kila siku ya joto huufanya utepe utanuke na kusinyaa, na unyevunyevu hurudi kila usiku. Tulichokiona kuwa kinawezekana kwa gharama ndogo ni sanduku la plastiki lenye mpira wa kuziba, pakiti za silika zinazoweza kukaushwa tena, na kipimo kidogo cha unyevunyevu ndani yake kinachosomeka kwa nje. Kaseti husimamishwa wima, kila moja ndani ya kasha lake. Vumbi ni adui mwingine, na mashine hudai kaseti ya kusafishia inapohitaji. Ikidai, ipewe mara moja.

Narudi kwenye umri wa mashine. Hadi kizazi cha saba, mashine ya LTO ilisoma kaseti za vizazi viwili vilivyoitangulia. LTO-8 iliuvunja utaratibu huo: inasoma LTO-7 na haisomi LTO-6. LTO-9, iliyotoka mwaka 2021 ikiwa na TB 18 kwa kaseti, inasoma na kuandika LTO-8. LTO-10, iliyokuja mwaka 2025 na TB 30, haisomi kizazi chochote kilichoitangulia. Kwa hiyo kaseti ya LTO-8 inayoahidiwa miaka 30 ina vizazi viwili tu vya mashine duniani vinavyoweza kuifungua, chake chenyewe na cha LTO-9. Mashine hizo zikishaacha kutengenezwa, kutabaki soko la vifaa vilivyotumika, na anayezitegemea atakuwa anategemea bahati. Ninaichukulia LTO-8 kuwa hifadhi ya miaka 10 hadi 15 inayodai kuhamishwa kabla ya hapo, na ningependa muuzaji yeyote amweleze mteja hivyo badala ya kumwonyesha namba 30 iliyo kwenye karatasi ya sifa.

Kipimo hicho hicho kinazipanga vizuri njia nyingine. M-DISC, diski ya kuchoma kwa miale iliyobuniwa na kampuni ya Millenniata ya Utah, ilitangazwa kuwa itadumu miaka 1,000, kwa kuwa tabaka lake la data halitumii rangi za kikaboni zinazofifia kama ilivyo kwenye diski nyingi za kawaida. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2016, ingawa diski zake zinaendelea kuuzwa na Verbatim. Sony iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia mwezi Februari 2025, na kompyuta mpya zenye nafasi ya diski zimekuwa adimu. Kwa TB 12 utahitaji diski 120 za GB 100, na kila moja huchukua saa moja na nusu hivi kuandikwa kwa kasi ya 4x. Kwa hati za familia, vyeti vilivyopigwa picha na albamu teule, naipendekeza bila kusita. Kwa video mbichi haiwezekani.

SSD nisingeiweka kabatini kabisa. Data zake ni chaji za umeme zilizonaswa kwenye seli, na chaji hizo huvuja, tena huvuja haraka zaidi kwenye joto. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, kinadai kwamba SSD ya mtumiaji wa kawaida, ikifika mwisho wa umri wake wa kuandikiwa, itunze data kwa mwaka mmoja tu bila umeme katika nyuzi 30. Nyuzi 30 ndiyo hali ya kawaida ya chumba kwetu. SSD ni chombo kizuri sana cha kufanyia kazi na cha kuilisha kanda.

Diski ngumu inastahili heshima zaidi kuliko inayopewa na wapenzi wa kanda. Takwimu za Backblaze, kampuni ya Marekani inayoendesha diski nyingi na kuchapisha matokeo yake, zilionyesha kwamba mwaka 2023 zilizoharibika zilikuwa asilimia 1.4. Hizo ni diski zinazozunguka saa zote katika chumba chenye ubaridi, na hazituambii lolote kuhusu diski iliyolala kabatini miaka sita. Udhaifu wa diski ni kwamba utepe na msomaji wake, tukiazima lugha ya kanda, vimefungwa katika kasha moja: mota ikikwama au saketi ikiungua, data ambazo bado ni nzima zinafungiwa ndani. Kaseti ya LTO haina mota wala saketi ya kusomea, na mashine ikiharibika unatafuta nyingine. Lakini diski ina sifa moja inayonifanya niitumie bado kwa nakala ya pili ya miradi midogo, kwamba bandari ya USB inapatikana kila mahali na huenda ikaendelea kupatikana kwa muda mrefu.

Wingu lina hesabu tofauti. S3 Glacier Deep Archive ya Amazon, iliyozinduliwa mwaka 2019, hutoza takriban dola 1 kwa TB kwa mwezi, yaani dola 12 hivi kwa mwezi kwa kaseti yetu moja. Bei hiyo ni nzuri kweli, na suala la mashine ya kusomea linabebwa na mtoa huduma. Tatizo ni njia ya kwenda na kurudi. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 20 kwa sekunde, TB 12 zitachukua siku 55 mfululizo. Kuzirejesha hudai kusubiri saa 12 hadi 48 kabla ya kuanza kuzishusha, na ada ya kutoa data nje ya mtandao wao, ambayo huanzia dola 0.09 kwa GB, hufikisha zaidi ya dola 1,000 kwa TB 12. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo, nakala iliyo ng'ambo ipo lakini haifikiki. Kuna jambo jingine ambalo taasisi ndogo hulisahau: wingu hulipiwa kila mwezi bila kukoma, na ufadhili ukikatika au kadi ya malipo ikiisha muda, saa ya kufutwa inaanza kuhesabu. Kaseti haidai chochote kwa mwezi. Kwa hiyo wingu tunalitumia kwa matoleo yaliyokwisha kuhaririwa, ambayo ni madogo, na video mbichi zinabaki kwenye kanda.

Njia yoyote itakayochaguliwa, mpangilio wa nakala tatu, aina mbili za vyombo na nakala moja nje ya jengo, uliofafanuliwa na mpiga picha Peter Krogh, bado haujapata mbadala ulio bora. Mwezi Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza TB 77 za data za utafiti baada ya programu ya kunakili yenye kasoro kuanza kufuta mafaili. Tarehe 26 Septemba 2025 moto katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, uliteketeza hifadhi ya G-Drive yenye TB 858 za kazi za watumishi wa umma, na haikuwa na nakala ya nje kwa sababu, kama ilivyoelezwa, ilikuwa kubwa mno. Sababu hiyo inanisikitisha kila ninapoifikiria, maana TB 858 zinaingia katika kaseti 72 za LTO-8, ambazo kabati moja la ofisi linazitosha.

Ukaguzi ndio unaotofautisha nakala na matumaini. Kila faili linaloingia kwenye kanda yetu huandikiwa kwanza hashi ya SHA-256, yaani alama ya herufi na tarakimu inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, na orodha ya hashi huwekwa ndani ya kaseti, kwenye kompyuta nyingine, na kwenye karatasi inayotaja pia kizazi cha kanda na toleo la LTFS. Baada ya kuandika, kaseti husomwa yote na hashi kulinganishwa. Ukaguzi huo huongeza saa nyingine 11, na hapo ndipo watu wengi huachia njiani. Mimi naona kaseti ambayo haijasomwa baada ya kuandikwa haipaswi hata kubandikwa lebo. Inapowezekana, nakala ya pili isomwe kwenye mashine tofauti na iliyoiandika, kwa sababu vichwa vilivyopotoka kidogo vinaweza kuandika utepe ambao wao wenyewe wanausoma na mashine nyingine inaukataa.

Kwa taasisi yenye zaidi ya TB 65, yenye mtu mmoja anayeweza kupewa kazi hii rasmi, na yenye uwezo wa kununua kaseti kwa jozi, ninaipendekeza LTO-8 kwa moyo wote. Anayeanza leo akiwa na bajeti kubwa zaidi aiangalie LTO-9, akijua kwamba kila kaseti mpya ya kizazi hicho hupimwa na mashine mara ya kwanza inapoingizwa, jambo linaloweza kuchukua hadi saa mbili. Kwa sisi tuliokwisha jaza kaseti za LTO-8 hatua inayofuata imekwisha jipanga yenyewe: mashine yetu ijayo itakuwa ya LTO-9, na itanunuliwa wakati bado iko kwenye orodha za wauzaji, kabla mashine tuliyo nayo haijaanza kusumbua.